Mashine Iliyofundishwa Doti

Elinami Mshana hakutoka Ujerumani akaja Guangzhou, China, ili amimine chai. Hilo tuliweke wazi mapema, maana kwa miezi minne ya mwanzo, yeyote aliyeingia kiwandani kwa Bosi Liang alimkuta binti huyu pale mapokezi, amevaa gauni la kitenge alilopewa na ofisi, birika dogo mkononi, anatabasamu mpaka mashavu yanamuuma. Wateja wa Kiafrika walifurahi kumwona. Bosi Liang alifurahi kuliko wote. Mwenye hasira alikuwa Elinami peke yake, na hasira ya mtu wa Usangi, nakwambia, haina kelele lakini haiishi leo wala kesho.

Kwao ni huko Usangi, milimani Upareni. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na Elinami alijua kuifungua cherehani na kuirudisha kabla hajajua kuishonea hata kifungo. Akaenda shule ya ufundi, darasa lote wavulana, wakamtania mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakaanza kumwomba awasaidie. Ndipo kanisa la Kilutheri lilipompatia ufadhili, na msichana wa watu akajikuta Lübeck, kaskazini kabisa mwa Ujerumani. Ni mji wa kale, wa matofali mekundu, una lango lenye minara miwili minene ambalo limelemea upande kwa uzee na hakuna anayejali, na una kengele za makanisa ambazo Jumapili hazimwachi mtu alale.

Sasa, wenzetu kule wana vyuo vya nadharia na wana vyuo vya vitendo. Chake kilikuwa cha vitendo, tena vitendo kwelikweli. Siku ya kwanza katika karakana alipewa kipande cha chuma, jiliwa la kukibana na tupa ya kukisugua, akaambiwa akipige tupa mpaka kila upande unyooke. Akadhani ni kazi ya asubuhi moja. Masikini, wiki zilikatika! Viganja vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, mahali pake pakaota sugu. Wageni wengine walinung'unika kwamba wamevuka bahari kusomea uhandisi, sasa mbona wanafanywa wahunzi. Elinami yeye aliendelea kupiga. Kilichomliza kule ni baridi, ile baridi ya Lübeck inayoingia mpaka kwenye meno. Chuma hakikumliza hata siku moja.

Mwaka wa tatu kila mwanafunzi lazima aende kiwandani nusu mwaka akafanye kazi. Profesa wao, mzee Böhm, mtu mrefu asiyependa maneno, hakutaka kusikia habari za ripoti nene. Yeye alikuwa na sharti lake moja: unda kitu ndani ya kiwanda hicho, kitu chenye faida kwa wenye kiwanda, nami nitakuja kukitazama kwa macho yangu. Kikifanya kazi umepita. Kama hakuna kitu, nusu mwaka wako hauhesabiwi.

Kwa wenzake Wajerumani, kushindwa maana yake ni kurudia. Kwa Elinami mambo yalikuwa mengine. Ufadhili wake ulikuwa unaishia mwaka uleule, na kanisa lilishasema halina la kuongeza. Akishindwa Guangzhou, anarudi Usangi mikono mitupu, baada ya miaka mitatu ya kupiga tupa kwenye baridi. Alilijua hilo kila asubuhi alipokuwa anapasha maji ya chai.

Yeye na Bosi Liang walikutana kwenye maonyesho ya mashine kulekule Ujerumani. Ilikuwa miaka ile ambayo dunia nzima ilikuwa inakimbilia Guangzhou kama kuna kitu kinagawiwa bure. Liang, mtu mfupi, mchangamfu, mwenye simu tatu zinazolia kwa zamu, aliposikia kuwa binti huyu ni Mtanzania macho yakamng'aa. Kiwanda chake kilichapa vitenge na kanga za kupeleka Afrika. Akamwambia, njoo kwangu, mashine zimejaa tele. Wala hakumdanganya, mashine zilikuwepo tele. Alichosahau kumwambia ni kwamba hatazigusa.

Mlinzi wa mashine hizo alikuwa Huang shifu. Shifu ndivyo Wachina wanavyomwita fundi mkuu kwa heshima, na huyu Huang aliistahili heshima hiyo, ila alikuwa mkali kama siki. Kila Elinami alipochungulia ukumbini, Huang alinyoosha kidole kwenye rasta zake, akakipeleka kwenye magurudumu yanayozunguka, akakimalizia mlangoni. Maana yake, nywele hizo zitanaswa, toka. Basi Jumamosi moja Elinami akapanda metro hadi Xiaobei, mtaa ambao kwenye ngazi moja unasikia Kiswahili, Kilingala na Kihausa, akamwendea msusi mmoja Mkongomani akamwambia nyoa zote. Jumatatu akaingia kiwandani na kipara chake. Huang akamtazama, akajikuna sikio, kisha akanyoosha kidole kwenye gauni.

Siku iliyofuata akaja na ovaroli. Hapo sasa aliyekuja juu ni Bosi Liang. "Aili," akamwambia, maana jina zima lilimshinda, "leo kuna wateja. Vaa gauni." Akavaa gauni. Sijui wewe ungefanya nini. Mimi ningelitupa lile birika dirishani.

Miezi minne ikapita hivyo. Profesa Böhm akatoa taarifa kwamba atakuja Guangzhou mwezi wa kumi, wakati wa maonyesho makubwa ya biashara, na kwamba atafika kiwandani kumkagua. Elinami alihesabu kilichobaki, akashika tama. Hakuwa ameunda chochote zaidi ya chai.

Huku nyuma Bosi Liang alikuwa na furaha zake. Alikuwa amepata oda kubwa ya kanga kutoka kwa Mzee Tahir wa Mombasa, mfanyabiashara mtu mzima, mpole, anayelipa vizuri. Na alikuwa amenunua mashine mpya, yenyewe inakata, inapinda na kukunja, yote kwa mpigo. Akataka kumshangaza Mzee Tahir. Ila kwanza akaona aulize. Akamwuliza Cyrille, mnunuzi wa vitenge kutoka Lubumbashi aliyekuwa amekaa pale akinywa chai, na Elinami ndiye aliyekuwa mkalimani: je, Waafrika watapenda kama kitambaa kitakuja kimeshakatwa na kupindwa?

"Mais oui, patron," akajibu Cyrille, yaani ndiyo kabisa, bosi. "Mukate tu, mupinde na pembeni. Bamama batafurahi."

Cyrille alikuwa anazungumzia vitenge vyake, na kwa vitenge hakukosea. Elinami naye alitafsiri akijua ni vitenge vinavyosemwa. Bosi Liang ndiye aliyesikia neno Waafrika, na kwake Mwafrika alikuwa Mwafrika, wa Lubumbashi na wa Mombasa kabila moja. Akaenda akawaamuru wafanyakazi waanze na kanga.

Mzee Tahir alifika Jumatatu, wiki ileile ambayo Profesa angefika Alhamisi. Bosi Liang akamshika mkono, akampeleka mpaka kwenye meza ndefu akafunua shuka kwa mbwembwe. Pale mezani kanga zilikuwa zimepangwa moja moja, zimekatwa sawasawa, zimepindwa kwa mshono mdogo mzuri ajabu. Mzee Tahir akainua moja. Akaigeuza, akatafuta mwenzake. Akainua nyingine. Akaziacha zote mbili, akaketi juu ya robota la vitambaa kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Elinami alielewa kabla mzee hajafungua mdomo.

"Mwanangu," Mzee Tahir akamwambia, "leso hizi nimpelekee nani?" Kwao Mombasa kanga huitwa leso. "Mwambie tajiri wako kwetu leso huja mbili, zimeshikana. Ndiyo doti. Mwanamke ainunua ikiwa doti, aikata yeye, aipinda yeye. Hii ishakatwa, ishapindwa, nikiitandaza dukani watasema imevaliwa na mtu, kwamba nauza mitumba. Hata bure haichukuliwi."

Elinami akatafsiri. Bosi Liang hakuamini masikio yake. Amemwongezea mteja kazi nzuri kwa bei ileile, halafu mteja anakataa? Ikabidi Elinami amtafutie mfano wa karibu. "Bosi, ni sawa na mgeni kuletewa chai kwenye kikombe ambacho mtu ameshanywea." Hapo Liang akaitazama upya ile kanga. Chai aliielewa.

Kilichokuwa kimekatwa hakikuwa kingi. Balaa lilikuwa kwenye majora, mlima mzima wa majora ya kanga yaliyokwisha kuchapwa, yanayosubiri kuingia kwenye mashine hiyohiyo, na kontena lilikuwa liondoke mwisho wa wiki. Mzee Tahir akasema kwa upole wake wote kwamba akipata doti anachukua mzigo wote, asipopata hachukui hata kanga moja. Liang akapendekeza wakate kwa mkasi. Huang akatikisa kichwa, kwa mkasi hawamalizi mwezi huu. Kuhusu mashine, akaeleza kwamba ina jicho lake linalosoma alama nyeusi iliyochapwa ukingoni kati ya kanga na kanga. Likiona alama, kisu kinashuka. Kupinda kunaweza kuzimwa, ila jicho halijui kuhesabu.

"Tulifundishe," akasema Elinami.

Wote wakamgeukia. Bosi Liang akamtazama yeye, akalitazama na birika alilolishika. "Wewe? Na chai nani atamimina?"

"Mimina wewe, Bosi," Elinami akamjibu, kwa adabu kabisa, akampa birika.

Mzee Tahir alicheka mpaka kofia ikamhama kichwani, na kicheko kile ndicho kilichomaliza ubishi, kwa sababu anayecheka hajaondoka na oda yake. Liang akabaki na birika. Kwa siku mbili zilizofuata chai ya pale mapokezi ilimiminwa na tajiri mwenyewe, na wateja wanasema ilikuwa chungu.

Wazo lenyewe lilikuwa jepesi, ndiyo maana Elinami alilipenda. Kuna kidude kinachotumika kwenye taa za ngazi: ukikigusa mara ya kwanza kinawasha, ukikigusa tena kinazima. Akikitia kati ya jicho na kisu, basi alama ya kwanza itapita salama na alama ya pili ndiyo itakayokishusha kisu. Kanga mbili zinatoka zimeshikana. Kidude akakinunua kwenye vibanda vya vifaa vya umeme. Shida ikawa mahali pa kukifunga, maana mashine mpya haikuachiwa nafasi ya mgeni. Ilibidi achonge mwenyewe kishikio cha chuma.

Akaivaa ovaroli yake, akaenda kwenye jiliwa la Huang bila kuomba ruhusa. Huang akasimama pembeni amekunja mikono, anasubiri kumfukuza. Elinami akabana chuma, akashika tupa. Akawa anasukuma kwa uzito wa bega, anarudi bila kukwaruza, anasukuma, anarudi, kama alivyozoeshwa Lübeck asubuhi zile za giza. Huang akakitazama kile kiganja. Akaziona sugu. Akaondoka, na Elinami akajua kaenda kumshtaki. Aliporudi alikuwa na tupa nyingine, nzuri zaidi, imefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta. Akaiweka mezani mbele yake, akavuta kigoda, akaketi jirani.

Jumatano mchana wakaiwasha. Ilitoka doti. Ikatoka doti nyingine, na nyingine, zimekunjwa vizuri, hazina pindo la cherehani wala mkato wa katikati. Wasichana wa kufungasha wakapiga makofi. Bosi Liang akaanza kupiga simu zote tatu. Elinami alisimama pale na moyo umejaa, kwa mara ya kwanza tangu afike China akajiona yuko mahali pake.

Halafu jora likaisha, likaungwa lingine la rangi nyingine, na mashine ikatoa kituko. Jora la kwanza lilikuwa limeishia na kanga moja isiyo na mwenzake, kidude kikaihesabu, kikangoja alama ya pili. Ikatoka doti moja, nusu nyekundu ya maua, nusu buluu ya korosho. Mzee Tahir akaitandaza mikononi. "Hawa," akasema, "wameozeshwa bila kuulizwa."

Huang alicheka, na Elinami akatamani ardhi ipasuke. Lakini kicheko cha Huang hakikuwa cha kufukuza. Alikuwa tayari ameshika bisibisi. Kwa kuchora juu ya boksi na kwa Kichina cha sokoni wakaelewana: pawekwe kitufe, mtu akiona mahali majora yalipoungwa akibonyeze, mashine ikate hapohapo na ianze kuhesabu upya. Elinami alitaka kukiweka juu. Huang akakataa, akaketi kwenye kiti cha mwendeshaji, akanyoosha mkono, na pale ulipofika wenyewe akagonga kwa kidole: hapa. Wakakiweka hapo, chekundu. Jua halijazama, mashine ilikuwa inapita mahali majora yalipoungwa bila kosa.

Alhamisi asubuhi Profesa Böhm akafika, jasho linamtoka, koti mkononi, maana Guangzhou mwezi wa kumi bado ni joto. Bosi Liang akamletea chai. Profesa akaiweka chini bila kuionja.

"Kiko wapi?" akamwuliza Elinami kwa Kijerumani.

Akampeleka. Profesa akaizunguka mashine, akainama akakipapasa kile kishikio cha chuma, akapitisha ukucha kwenye kingo zake. Kisha akainuka. "Vizuri. Sasa toka nje."

"Sijaeleza bado, Profesa."

"Sikutaka maelezo. Toka nje, ungoje uani. Na usiingie mpaka nikuite."

Elinami akatoka. Kule uani Mzee Tahir alikuwa ameketi juu ya marobota akisubiri mzigo wake, akamsogezea nafasi, na Elinami akamwambia alivyokatazwa kuingia. Wakakaa wanasikiliza. Mlio ulipenya ukutani vizuri: mashine inanguruma, alama ya kwanza inapita kimya, ya pili kisu kinashuka. Kimya, kisu. Kimya, kisu. Elinami akaanza kupumua.

Ghafla mashine ikazimika.

Si ule utulivu mfupi wa kuunga jora, ambao kwa sasa aliujua. Huu ulikuwa ukimya mwenyewe, wa kitu kilichoharibika. Elinami akaruka. Alijua atakachokuta, alijua na mahali pa kushika, kwa dakika moja tu angeitengeneza. Akawa ameshafika mlangoni Mzee Tahir alipomkamata mkono wa ovaroli.

"Kaa, mwanangu. Kakwambia usiingie."

"Mzee, kazi yangu inakufa mle ndani."

"Yaweza kuwa. Lakini ukiingia umeizika mwenyewe."

Akakaa. Akauma midomo. Akaiona Usangi mbele yake, akamwona baba yake na cherehani, akajiona anashuka kwenye gari na sanduku lile aliloondoka nalo, watu wanamwuliza ulikuwa unasoma nini huko. Machozi yakaanza kumlenga, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta.

Mashine ikanguruma. Kimya, kisu. Kimya, kisu. Ikaenda, ikaenda, kana kwamba haikuwahi kusimama.

Mlango ukafunguliwa, Profesa Böhm akatoka anajifuta shingo. Elinami akasimama wima.

"Waya ulichomoka," akasema Profesa.

"Najua ni upi. Mtikisiko unaulegeza. Ningeuf—"

"Yule fundi aliurudisha. Alifungua boksi la kidude chako, akatazama, akakaza, akawasha. Nilisimama nangoja aulize uko wapi. Hakuuliza." Profesa akakunja leso yake ya jasho akaitia mfukoni. "Ukiunda kitu halafu kila kikikohoa lazima uitwe, hujaunda, umejitafutia kazi ya ulezi. Hapa hawakuhitaji tena, Bi Mshana. Umepita. Rudi Lübeck umalizie mwaka wako, na chuo ndicho kitakachokutafutia fedha za kuumalizia, hilo niachie mimi."

Elinami alisikia kila neno na bado ikamchukua muda kuelewa kwamba ni yeye anayeambiwa. Alipoelewa, alimkumbatia Mzee Tahir, maana Profesa alikuwa mrefu mno na Mjerumani mno. Mzee wa Mombasa akawa anampigapiga mgongoni akisema, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," huku akichungulia mlangoni kuona doti zake.

Akakimbilia ndani kumwambia Huang. Ukumbi ulikuwa umechemka, majora yanaingia, doti zinatoka zimeshikana mbili mbili, wasichana wanafungasha hawana hata nafasi ya kuinua macho. Huang shifu alikuwa kwenye kiti cha mwendeshaji, shingo ameinyoosha, anaiwinda alama ya muungo unaokuja. Elinami akasimama mbele yake na habari zake zote mdomoni.

Huang akamnyooshea kidole, akakipeleka dirishani, akampungia asogee. Elinami alikuwa anamzibia mwanga.